Mama Mkwe Anataka Nimsukume Mbele ya Kamera

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie haraka maana Jumamosi inakuja na mimi sina pa kushika, na kabla hujaanza kunihukumu jua kwamba tangu nimuoe binti yake sijawahi kumkosea adabu mama mkwe wangu hata siku moja, hata nikikohoa mbele yake naziba mdomo kwa mikono miwili.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, natengeneza milango na mageti, na mambo yenyewe yalianzia hapo hapo kwenye karakana yangu, walipokuja watu wa filamu wakitaka geti la chuma la kizamani, lile zito lenye komeo kubwa, kwa sababu wanaigiza habari za enzi za bibi zetu, wakati akina mama walipokatazwa kupiga kura wakaandamana mpaka wakaruhusiwa, basi nikawatengenezea, na nilipolifunga mahali pake ili waone linavyofanya kazi, mwongozaji wa filamu, dada mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, akanipima mabega kwa macho, akasema funga tena, nikafunga kwa kishindo, akapiga makofi, "Askari wangu nimempata!"

Mshauri, nisikufiche, nimefurahi mpaka naona aibu. Nimepewa kofia, mkanda na buti zinazolia ko ko ko sakafuni, kuna binti kazi yake ni kunipaka poda usoni, mimi ambaye uso wangu umezoea cheche, watoto wa mtaani wananipigia saluti nikienda kununua mkate, na mke wangu aliponiona kwenye zile nguo alicheka mpaka akakaa chini, akaniita afande siku nzima, nyumba ikachangamka kama tunaoana upya.

Kasheshe ikaanza mama mkwe alipopata habari. Kumbe yeye, jambo ambalo hakuwahi kutueleza vizuri, alikuwepo siku ile yenyewe inayoigizwa, alikuwa mtoto ameshika gauni la mama yake kwenye foleni ya akina mama waliokwenda kudai waandikishwe kupiga kura, na pale getini askari akamsukuma mama yake akaanguka mbele ya watu wote, basi mkwe wangu akavaa nguo yake nzuri akamfuata mwongozaji, akamwambia, "Mwanangu, mama yangu kwenye hiyo filamu nitakuwa mimi, usihangaike kutafuta mwingine," na dada wa watu akakubali palepale, mimi naambiwa nikiwa nimeshavaa buti.

Juzi tukaanza. Akina mama wamejipanga na vitambaa vyao kichwani, taa kali, kimya, mama mkwe anakuja mpaka getini, ananiangalia usoni bila kupepesa, anasema maneno yake, "Nimekuja kuandika jina langu," na mimi natakiwa niseme "Rudi nyumbani!" halafu nimsukume. Mshauri, mkono ulikwenda, lakini mdomo ukasema, "Samahani, mama."

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Afande, hiyo samahani umeitoa wapi?"

Tukarudia, safari hii nikasema "Shikamoo." Watu wakaanguka kwa kicheko mpaka mshika kamera. Tukarudia tena, nikafaulu kunyamaza, lakini nikamdaka mkono asianguke, tukarudia mpaka akina mama wa foleni wakaanza kujikalia chini, na anayenimaliza nguvu zaidi ni mkwe wangu mwenyewe, ananinong'oneza huku akirekebisha kitambaa, "Baba, nisukume bwana! Unanishika kama yai. Yule hakumshika mama yangu hivi."

Sasa mwongozaji amesema Jumamosi ndiyo mwisho, nikishindwa buti zangu anapewa muuza matairi wa jirani, mtu ambaye, mshauri, hana hata mabega. Mke wangu naye ameacha kucheka, anasema, "Ukimwangusha mama yangu usirudi hapa." Na mama mkwe ametuma ujumbe kwamba nisipomsukuma hatakanyaga tena kwangu, maana nitakuwa nimemharibia kitu alichokisubiri maisha yake yote. Nikimsukuma sina mke, nisipomsukuma sina mkwe, na filamu inanipita. Nifanyeje jamani?

Ni mimi, Afande wa Geti

*

Afande, nilikuwa nakunywa chai. Nilipofika kwenye ile shikamoo ilinitokea puani, na kitambaa changu cha meza kimeharibika kwa ajili yako.

Pole, na hongera pia. Mtu anayeshindwa kumsukuma mkwewe hata kwa kuigiza amelelewa akaleleka, na waliokulea wapewe heshima yao. Sifa zako zimeishia hapo.

Wewe unadhani hii ni habari ya adabu. Adabu gani ya kumnyima mama wa watu kitu anachokuomba kwa mdomo wake? Shikamoo anaipata kwako kila siku, hakuifuata pale getini. Amekwenda kwa ajili ya mama yake. Alikuwa mtoto, aliona kila kitu, na hakuweza kufanya lolote zaidi ya kung'ang'ania gauni. Leo ndiyo amepata nafasi ya kuwaonyesha watu kilichotendeka, halafu askari anamwomba radhi! Watakaotazama watadhani askari wa siku zile walikuwa waungwana wenye samahani midomoni. Hapo unakuwa umemfuta yule bibi, na mkwe wako ana haki ya kukasirika. Ningekuwa yeye ningekuchapa na hicho kitambaa cha kichwani.

Tena kuna kitu kimenikera. Umeniandikia barua ndefu, buti zinavyolia nimezisikia, poda nimeiona, mabega ya muuza matairi umeyaeleza, lakini hujaniambia yule bibi alifanya nini baada ya kuanguka. Hujui, sivyo? Hukuuliza. Umejifunza kipande chako tu, cha kusukuma. Nenda leo hii ukamuulize mkwe wako, na mkeo uende naye, mkae mbele yake mfunge midomo. Mkeo ndiye anayehitaji kusikia zaidi. Anamkinga mama yake na kitu ambacho mama yake amekitaka mwenyewe, na huyo aliyeangushwa ni bibi yake mzaa mama, anakuja kupata habari zake ukubwani kwa sababu ya ugomvi wa filamu. Mwambie nimesema mimi, na akinuna anune.

Mkishasikia, sogezeni viti vya sebuleni, mtandike godoro, mfanye mazoezi. Mkeo akae nyuma amdake mama yake mpaka hofu imtoke. Mama ndiye akuelekeze, maana yeye ndiye aliyeona: mkono ulimpata begani au kifuani, uso wa yule askari ulikuwaje, alisema kwa sauti gani. Ukianza kuomba samahani, akurudishe mwanzo. Na Jumamosi mwambie huyo mwongozaji aweke godoro mahali kamera isipoona. Asipoweka, vua buti, mchukue mkwe wako mrudi nyumbani, hapo nitakuwa upande wako, maana magoti ya mama hayaigizi. Asubuhi hiyo msalimie mapema, umsalimie mpaka uchoke, halafu ukishavaa kofia humjui.

Jambo la mwisho, na hili nakuomba ulishike kuliko yote. Akishaanguka, usimwinue. Najua mkono utakuwasha. Uache uwashe. Simama hapo getini na sura yako mbaya, umwache ainuke mwenyewe, ajipanguse vumbi, arudi kwenye foleni mbele yako. Mimi sikuwepo siku hiyo na mkwe wako atakueleza vizuri zaidi, lakini naamini ndivyo alivyofanya mama yake. Yule bibi na wenzake wangebaki chini pale, leo mimi na mkeo tusingekuwa na kura. Msukume mama, fundi.