Si Mchanga, Mama

Mama yangu,

Huku Uvira joto ni kali, lakini niko salama. Leo mtafiti wa ziwa alipasua tumbo la ndakala, dagaa wa huku, akaniita kwenye mikroskopi. Nikaona vidudu vyenye jicho moja jekundu na vipapasio virefu kama mwili. Mchana vinashuka gizani, hadi karibu na pale hewa ya maji inapoishia. Jioni vinapanda, ndakala wanavila.

Kumbe ule unga mweusi tumboni, uliofanya umfukuze Mama Neema mlangoni kwetu na kapu lake la samaki, haukuwa mchanga. Nimemkuta sokoni, nikamweleza. Akasema, “Minye nilimuambia mama yako, naanikaka samaki juu ya mawe, hapana kwenye mchanga.” Kisha akauliza kama mguu wako umepona.

Nikamwahidi kukuuliza. Ukipona, shuka kutoka Lemera uje umjibu mwenyewe.

Mwanao, Riziki