Bikoni Chini ya Jiko Langu

Mpendwa mshauri Peris, naomba msaada kabla Jumapili haijafika, maana nikifika hiyo siku bila jibu sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni mjane, nina hoteli ndogo ya chai na githeri hapa Matisi, Kitale, na kwa mwaka mzima majirani wamekuwa wakikutana kwangu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baada ya kanisa, kila nyumba na chakula chake, sisi mukimo, watu wa Bungoma kuku na ugali, jirani Chelagat maziwa yake ya mursik, tunakula kwanza, halafu sahani zikiondolewa tunatandaza karatasi kubwa mezani na kupanga mtaa wetu, na mshauri, sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, kwa sababu hiyo meza imetuletea taa pale kona na mahali pa kutupa taka, na watu ambao wakati wa kura hawakusalimiana siku hizi wanapakuliana mchuzi.

Sasa tunapanga mtaro, maana mvua ikinyesha maji yanaingia nyumba za chini hadi watoto wanapandishwa juu ya meza. Mchoro umeupitisha kwa jirani yangu Mama Nakhumicha, utachukua choo chake na sukuma wiki yake yote, kwa kuwa kila mtu anaamini upande wangu hakuna nafasi. Nafasi iko, mshauri. Tulipojenga jiko, marehemu mume wangu Muturi alisogeza ukuta hatua mbili ndani ya njia ya umma na kumwaga simiti juu ya bikoni, kile kigingi cha mpaka, na maji ya kukoroga hiyo simiti nilimletea mimi.

Halafu kuna firigisi ya kuku. Kwa majirani wa Bungoma hiyo ni ya baba mwenye boma, lakini mezani kwetu tulikubaliana ipewe mtu atakayefungua mazungumzo ya mwezi unaofuata, na akishaila hawezi kukataa. Mwezi uliopita Mama Nakhumicha, ambaye alikuwa hapa kabla yetu, aliniwekea mwenyewe kwenye sahani akasema, "Kula, Mama Gathii. Mwezi ujao wewe ndio utatuambia mtaro ipite wapi." Nikala.

Juzi nimemkuta anang'oa sukuma yake, nikamuuliza mbona haraka, akanijibu, "Si ni ya watu wote, bana. Maji ikipita, tutalala vizuri." Nilirudi jikoni nikalia. Nikisema, jiko linalonilisha litabomolewa, jina la Muturi litachafuka, na watu watasema walikuwa wakila kwa mwizi. Nikinyamaza, nitamtazamaje huyu mama? Nifanye nini?

Wacuka, Matisi


Wacuka,

Pole kwa kufiwa, na pole kwa huo mzigo. Pole zimeishia hapo.

Kwanza niwasifu. Nimehudhuria mikutano ya maendeleo yenye hema, soda na hotuba tatu, na hakuna hata balbu iliyowaka baadaye. Nyinyi na sufuria zenu mmeleta taa! Ndiyo maana nimekukasirikia, mama. Meza nzuri namna hiyo, na wewe mwenyewe umeiweka juu ya bikoni ukipakua mukimo kwa tabasamu. Na usimwachie marehemu yote. Simiti alimwaga yeye, maji ulileta wewe.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma. Mama wa kwetu hatoi firigisi ovyo ovyo. Unasema alikuwa hapo kabla yenu, basi hiyo bikoni aliiona ikiwa wazi, na ukuta wenu aliuona ukija. Siwezi kuapa, lakini nadhani anajua. Angeweza kukuaibisha mbele ya watu wote. Badala yake amekupa nafasi useme mwenyewe, huku akianza kutoa shamba lake, iwapo hutasema. Sijawahi kumwona mama huyu na tayari ninamheshimu sana.

Nenda kwake leo. Usipige simu, usimtume mwanao Gathii. Sema ulichofanya wewe kabla hujataja alichofanya Muturi, na uombe msamaha bila kueleza sana.

Jumapili, vunjeni desturi yenu mara moja tu. Sema kabla maji ya kunawa hayajapitishwa. Asiyetaka kula kwako aondoke na njaa yake, na atakayebaki abaki akijua. Mmoja wawili watakununia hadi Krismasi, vumilia. Jumatatu mwite fundi, urudishe ukuta hatua mbili kabla hujaambiwa na mtu wa kaunti. Jiko litakuwa dogo, lakini githeri itaiva vilevile.

Majina yenu nimeyabadilisha kabla ya kusoma barua hii hewani, ila firigisi sikuweza kuibadilisha, kwa hiyo Matisi nzima itakutambua kabla ya chakula cha mchana. Zima redio, Wacuka. Huyo mama bado anang'oa sukuma. Nenda ukamshike mkono.