Kwa Baba Yetu Randu Garama, Aliyefundisha Piano kwa Maamkizi

Mwaka umekatika, Baba, tangu alfajiri ile ya Jumapili ulipotuacha katika hospitali ya Msambweni, Mama akiwa ameshika kandambili zako mkononi kwa sababu ulikuwa umesema unataka kwenda nyumbani. Tulikuzika Kinango siku ya Jumatano. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, na maji ya kupikia yaliletwa kwa punda. Hayo tunayakumbuka vizuri. Tulichokihisi siku hiyo ndicho tusichokikumbuka.

Sisi wanao tunakuandikia upate kujua yaliyotokea nyuma yako, na wanaosoma wajue ulikuwa mtu wa namna gani. Ungekuwepo ungetukatiza hapa na kutuuliza adabu zetu tumeziacha wapi. Basi shikamoo, Baba.

Miaka thelathini na mmoja ulipiga piano katika hoteli moja ya Diani, saa za chai na saa za chakula cha jioni, umevaa koti jeupe ambalo Mama alilipiga pasi kila siku, hata siku mlizokuwa mmenuniana. Ulianzia kwenye kinanda cha kanisa, Kinango. Mengine ulijifunza kwa bibi mmoja mgeni, mpiga piano mstaafu, aliyekuwa akija hotelini kila Disemba na kukukalisha mazoezini wageni wenzake wakiwa pwani wanaota jua. Yeye ndiye aliyekuonyesha muziki wa Wazungu wa karne ya kumi na tisa, hasa vile vipande vya polepole vya mtunzi mmoja Mpolandi aliyekufa angali kijana. Alikuonyesha vidole viende wapi na mguu ukanyage pedali wakati gani. Maana yake hakukueleza. Hiyo uliitafuta mwenyewe.

"Hawa watu," ulikuwa ukituambia, "wanaamkiana tu, kama sisi."

Dama, kitinda mimba wako, alikuwa na miaka tisa ulipomweleza jambo hilo kwa mara ya kwanza. Akiketi kwenye piano miguu yake haikuwa ikifika chini. Ulimwambia kwamba huku kwetu mtu hakumwagii habari zake mlangoni. Unamuuliza hujambo, anasema sijambo. Za nyumbani? Njema. Watoto? Hawajambo. Hata kama ametoka kuzika asubuhi hiyo, njema zitatangulia zote, moja baada ya nyingine. Kisha anatulia, anatazama chini, anavuta pumzi, na hapo ndipo anaposema, "Ila." Ila mzee hakuamka vizuri. Ila yule mtoto hatunaye tena.

"Sasa kisikilize kipande hiki," ukamwambia. "Mstari wa kwanza, njema. Wa pili, njema, lakini sauti si ile ya kwanza. Ila yake iko wapi?"

Dama akapekua kwa macho, akaweka kidole juu ya karatasi. "Hapa, Baba."

"Barabara. Ipige."

Akaipiga kwa nguvu zake zote.

"La, mwanangu, la. Nani anayepiga kelele za ila? Ila husemwa kwa sauti ya chini. Usiikimbilie. Wala usikae nayo sana mdomoni, aliyekuuliza atadhani huna habari yoyote."

Ukamaliza somo hapo, ukamwita Mama alete chai. Dama alikaa na neno hilo siku nzima, na kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye kiti.

Ndivyo ulivyofundisha kila aliyekuja. Karatasi za muziki za wanafunzi wako zote zina neno "ila" kwa penseli, na mtahini mmoja aliyekuja Mombasa aliwahi kuuliza hicho ni kidole namba ngapi. Mkono wa kushoto ulikuwa mwenyeji na wa kulia mgeni: mgeni akichelewa, mwenyeji hatoki kumtafuta barabarani, anaendelea na shughuli zake mpaka mgeni afike. Hukumkaripia mtu. Ukisema, "Nota zote zimefika salama," mwanafunzi alijua amepiga vibaya na anatakiwa arudie. Aliyeingia bila kuamkia hukumfundisha siku hiyo. Ulimnywesha chai ukamrudisha kwao.

Hoteli ilipoiuza ile piano kuukuu uliinunua, ukaileta nyumbani Ukunda, ukaweka balbu ndani yake iwake mchana na usiku, chumvi na unyevu visivimbishe mbao. Mama ameiacha inawaka mpaka leo. Aliungua kidole akiibadilisha mwezi wa tano, na hakutaka mtu mwingine aiguse.

Dama alirudi kutoka Nairobi kwa ajili ya mazishi, na hakwenda tena. Unakumbuka alikuwa chuoni, na Jumatatu baada ya kufa kwako alikuwa na mtihani wake wa mwisho, wa kupiga piano mbele ya watahini watatu. Hakuufanya. Aliingia jikoni, akafunga kanga kiunoni, na hapo ndipo alipokaa mwaka mzima. Alikuna nazi, akachambua mchele, akafua nguo zisizokuwa chafu. Hakulia kaburini, wala arubaini yako, wala siku tuliyogawa nguo zako. Watu wakimpa pole alisema, "Ahsante, tumeshapoa." Wakimuuliza habari alisema njema, akaishia hapo. Piano alikuwa akiipita kama watu wanavyopita kabati. Yeye mwenyewe alituambia kwamba hahisi uzito wala wepesi, na tulimwelewa, kwa sababu na sisi tulikuwa hivyo hivyo. Tulikula bila kujua tumekula nini.

Kisha ikaja barua ya chuo. Nafasi yake ilikuwa imeshikiliwa mwaka mmoja, na kama hangekwenda kufanya mtihani kabla ya mwezi huu kwisha, jina lake lingefutwa. Mangi, mkubwa wetu, aliisoma kwa sauti mezani. Dama akasema, "Nimesikia," akaendelea kutoa miiba ya samaki.

Hapa lazima tumtaje Husna. Ni fundi cherehani wa Ukunda, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, uliyeanza kumfundisha ukubwani wakati wengine wakimcheka. Yeye hakuacha kuja. Kila Jumamosi baada ya Adhuhuri alibisha hodi, akaamkia, akakaa kwenye piano peke yake na kupiga kwa saa moja. Akimaliza alikiambia kiti chako, "Ahsante, Mwalimu," akanywa chai ya Mama, akaenda zake. Tulimzoea.

Jumamosi moja mwezi uliopita alikuwa kwenye kile kipande cha polepole, na alipofika kwenye ila akaibamiza. Dama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Husna akarudia, akaibamiza tena. Mara ya tatu Dama alitoka na mikono yake myeupe kwa nazi, akasimama mlangoni.

"Sivyo, dada Husna."

"Basi vipi? Nionyeshe."

"Siwezi."

"Mwanangu, mimi nimekuja Jumamosi hamsini kasoro chache nikitafuta mtu wa kuniambia sivyo. Nyinyi mnanipa chai tu. Kaa hapa unionyeshe, la sivyo nitaibamiza mpaka Maghrib."

Dama alijipangusa kwa kanga, akaketi. Akaanza. Mkono wa kushoto ulikwenda sawasawa, wa kulia ukaja kwa wakati wake, vidole havikuwa vimesahau kitu. Njema ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Alipofika mahali penyewe alisimama, mikono iko hewani, na hakuendelea.

"Hapa sipafiki," alisema.

Husna alidhani ni vidole. Dama akamwambia si vidole, na hapo, kwa sauti ile ile ya kusemea bei ya nyanya, alieleza jambo ambalo hatukuwa tunalijua.

Jumamosi ile, siku moja kabla hujafa, ulimpigia simu. Alikuwa kwenye korido ya chuo anangoja zamu yake ya chumba cha piano. Akakuamkia, ukaitikia. Ukamuuliza habari za masomo, za chakula, za baridi ya Nairobi. Akakuuliza za nyumbani, ukasema njema. Za Mama? Njema. Za kifua? Njema. Kisha ukatulia.

"Akavuta pumzi," Dama alisema. "Niliisikia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisikia. Nikajua kuna jambo linakuja, nikaogopa, nilikuwa na mtihani. Aliyekuwa chumbani akatoka. Nikasema, 'Baba, zamu yangu imefika, nitakupigia.' Akaniambia haya mwanangu, nenda. Sikumpigia. Nilimsubiri mtu avute pumzi, dada Husna, kisha nikamkatia simu."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha chai ya Husna. Hatujui alikuwa hapo tangu lini.

"Asingekwambia," Mama alisema.

Dama hakugeuka.

"Nilikuwa kando ya kitanda chake. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, mtoto ana mtihani Jumatatu, usimwambie uko hospitali, mwambie njema ukate. Akaniahidi. Kisha ikamshinda. Alipovuta ile pumzi niliubana mkono wake, hivi." Mama akaubana mkono wake mwenyewe, na chai ikamwagika. "Ulipokata simu nilimshukuru Mungu."

"Alitaka kusema nini?"

"Sijui. Aliniomba simu tena magharibi, nikamwambia apumzike."

Dama aliuliza kwa nini hakuambiwa mwaka mzima, na Mama akajibu kwamba kila asubuhi alimuuliza ameamkaje na kila asubuhi Dama alisema salama. Dama akasema hata yeye alimuuliza Mama kila asubuhi. Husna alichukua buibui lake. "Nyumba hii," alisema, "ni ya njema tupu. Mwalimu angewafukuza wote." Akaenda zake bila chai.

Hatutakuficha yaliyofuata, kwa sababu kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Dama hakusema na Mama siku tatu. Alipika, akampakulia, akaweka sahani mbele yake kama mtu wa hotelini, akaondoka. Mama alikula kila alichopewa, hata siku pilipili ilipozidi. Sisi wengine tulitembea kwa vidole vya miguu. Hakuna aliyelia. Siku ya nne asubuhi Dama aliifunua piano akapiga kipande chote, mwanzo mpaka mwisho, na pale mahali alipita kwa sauti ya chini sana, tukadhani ameruka. Kisha akamwita Mama, akamketisha kando yake kwenye kile kibao cha piano. Mama hakuwa ameketi hapo hata siku moja katika ndoa yenu yote. Alisema kibao ni kigumu.

"Nitakwenda kufanya mtihani," Dama alimwambia. "Nikikuuliza habari nikiwa kule, utaniambia?"

"Nitakwambia."

"Hata siku ya mtihani?"

Mama alinyoosha kanga yake magotini. Wewe unamjua, Baba. Amelea watoto kwa kuwaficha kila kinachouma, na tumekua tukidhani huko ndiko kupendwa.

"Hata siku ya mtihani," alisema.

Mangi alimvusha Likoni kwa feri, akampeleka mpaka kwenye treni. Mtihani wake ni kesho saa tatu asubuhi. Kama atapita hatujui, wala silo tunalokuandikia.

Leo alasiri alipiga simu. Tuliiweka mezani ili tumsikie sote. Akaamkia, Mama akaitikia marahaba. Akauliza habari za nyumbani na Mama akasema njema, kwa mazoea. Akauliza za afya na Mama akasema njema. Mangi alimtazama. Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi si mzima," alisema. "Goti limevimba, tangu juzi natembea kwa kushika ukuta. Usingizi sina. Kitanda ni kipana mno. Namkumbuka babako mpaka namkasirikia, na nikishamkasirikia naona haya, kwa sababu mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Tukadhani simu imekatika. Kisha Dama akaanza kulia, Baba. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa leo, akakuita kwa jina ulilokuwa ukipenda, akakuita tena. Tulisikia watu wa huko wakimuuliza ana nini, naye akiwaambia, "Baba yangu amekufa." Mama hakumwambia anyamaze. Mangi alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji, akalia huko. Mwaka mzima hatukuwa tumekulilia, na leo tumekulilia sote.

Wanaokukumbuka ni mkeo Faith, uliyemwita Mama Mangi kana kwamba hakuwahi kupewa jina lake, mwanao Mangi, binti yako Dama, aliye Nairobi, sisi wanao wengine tunaokuandikia, Husna, aliyetuomba tumweke kati ya jamaa nasi hatukuona sababu ya kukataa, wanafunzi wako wa Ukunda, Diani na Msambweni, na ukoo wote wa Kinango.

Ulikuwa na neno, tukakuzuia kulisema. Utusamehe, Baba. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.