Kila Ulipofaulu, Ng'ombe Aliongezeka

Mpendwa Madam wangu,

Ukiona makosa humu, weka kwanza kalamu yako nyekundu chini. Unajua nilitoroka shule nikiwa praimari ya nne kwa kuogopa fimbo, na herufi zilizobaki umenifundisha wewe, mezani kwetu hapa Arua, ukinigonga vidole kwa rula. Mwanaume mzima, fundi baiskeli, grisi mpaka kwenye viwiko, naandika "baba anakula muhogo" ukurasa mzima, na wewe unasahihisha bila huruma.

Ulikuja kwangu na pancha. Mwalimu mpya kutoka Dranya, viatu vyeupe kana kwamba hukuambiwa habari ya matope yetu. Nikaziba, halafu nikakuambia tairi nalo limekwisha, urudi kesho. Kesho yake nikasema natafuta tyubu. Ulisimama pale mbele ya vijana wote wa gereji ukaniambia, "Fundi, baiskeli iko muzuri. Wewe ndiyo iko na pancha." Vijana walinicheka mwaka mzima. Mvua ilipoanza, nyumba ya walimu ikavuja, ukaleta sanduku lako kwangu kwa wiki moja tu. Wiki yako, Madam, ilikuwa ndefu. Umezeekea ndani yake.

Usiseme huko uliko kwamba sikujaribu kukuoa. Nilikwenda Dranya na baba zangu wadogo, tumevaa makoti ya kuazima, na kaka yako Lemi akatutajia idadi ya ng'ombe wa mahari. Hakuwa mtu mbaya. Nyumba nzima ilikuwa imelima tumbaku ili wewe usome, na wao walitaka kuona jasho lao likirudi na pembe. Nikaanza kukusanya. Nilipokaribia, ukafaulu cheti kingine, Lemi akaongeza. Nikakusanya tena. Ukaanza diploma, unasoma wakati wa likizo, na mimi ndiye niliyekubebea begi mpaka stendi, mimi ndiye niliyeuza hao ng'ombe mmoja mmoja kukulipia ada. Ukafaulu. Lemi akaongeza. Nikamwambia, shemeji, hiyo diploma nimeilipia mimi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa. "Kwanza usiniite shemeji. Halafu, masomo iko kwa kichwa yake, na kichwa iko yetu."

Nilirudi nyumbani nikakuomba ushindwe mtihani mmoja tu, kwa ajili yangu. Ulicheka mpaka chai ikakutokea puani. Lakini hukushindwa hata mmoja. Ulikuwa na ugonjwa wa kufaulu.

Siku hizi nasikia wasomi redioni wakisema watu wanaokaa pamoja bila ndoa ni wale wasiosoma. Waje kwangu niwape kiti. Ungekuwa mjinga kama mimi, ningekuoa mavuno ya kwanza.

Hata kanisani Ediofe ulikaa benchi la nyuma miaka yote. Watu walipopanga mstari kwenda kupokea komunyo, wewe ulishika mkoba wako ukatazama sakafu. Siku moja nikakunong'oneza kwamba padri mwenyewe hajaoa na anakula kila siku, sasa kosa letu ni nini. Ulijifunika kitambaa mdomoni, mabega yakatikisika, nikajisifu kwamba nimekuchekesha. Tulipotoka nje nikaona macho yako yamelowa. Ukasema, "Wewe cheza tu. Siku moja utanipeleka pale mbele."

Presha ilipokuchukua, Lemi na wadogo zake walikuja hospitalini na pikapu kukurudisha Dranya. Dereva akauliza, huyu mzee naye apande mbele? Lemi akasema, "Hapana. Huyu alikuwa anakaa naye tu." Nikapanda nyuma, karibu na wewe. Hapo alinifanyia wema bila kujua.

Kwenye mazishi walisoma maisha yako. Walisoma vizuri, Madam: shule ulizosoma, shule ulizofundisha, kila cheti na chuo chake. Mimi nilikuwa kwa watu wa kupanga viti. Kisha msomaji akasema marehemu hakuolewa wala hakuacha mtoto, akakunja karatasi. Nilitaka kunyoosha mkono kama mwanafunzi, niseme mwalimu, hapo kuna kosa. Mkono haukupanda. Wakakulaza kwa baba yako, na mimi nikarudi Arua kulala kwenye kitanda ambacho nusu yake sijui niifanyie nini.

Wiki iliyopita nilirudi Dranya na ng'ombe jike mmoja. Lemi naye amezeeka, anatembea na fimbo. Akashangaa sana. "Dada iko chini ya udongo. Mutoto hakuna. Sasa wewe unaoa nini?"

Nikamwambia namwoa yule yule. Nataka tu siku moja mbele ya watu yeye Lemi aniite shemeji.

Akamkagua ng'ombe meno, akamshika nundu. Halafu akauliza kama ile digrii uliyoianza uzeeni uliimaliza. Nikasema hapana, presha ilikuwahi kabla ya mtihani wa mwisho. Nakwambia ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha, na aibu ikaja nyuma yake haraka sana. Lemi akamfunga ng'ombe kwenye kigingi. Akasema basi, hesabu itabaki ile ya diploma, nikileta wote tutakaa na wazee tuyamalize.

Nikapita kaburini kwako kukupa habari, lakini pale maneno yalikataa, ndiyo maana naandika. Kwa mara ya kwanza tangu nikujue, Madam, bei imesimama. Kila nitakapopata mwingine, nitakuwa nimekaribia kweli, na hakuna cheti kitakachotoka kunirudisha nyuma. Ndicho nilichokiomba miaka yote. Lakini nakuapia, ningefurahi leo nisikie umefaulu tena, na Lemi aongeze zizi zima.

Lala, usisahihishe.

Ni mimi,
bwana wako mtarajiwa