Cheki Namba Kumi na Moja

Kinampanda, Iramba
Jumapili mchana

Kaka Ambakisye,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, ila roho imechafuka, nisikufiche. Mguu wa mama unaendeleaje? Na huko Tukuyu mvua bado inawanyeshea kila siku? Huku tuna upepo na vumbi tu, alizeti zimeshavunwa, watu wanakamua mafuta.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu kavu. Nilikuwa nimekaa na wenzangu, sikuweza kusema. Leo nakuandikia yote.

Walimu tuligoma. Ndiyo, hata mimi niliyebakiza miezi kumi kustaafu. Sababu ni kile kikokotoo, hesabu ya pensheni inayopanga upewe kiasi gani kwa mkupuo siku ya kustaafu, na kiasi gani wakudondoshee mwezi kwa mwezi mpaka ufe. Mkupuo wameukata. Nimefundisha miaka thelathini na mbili nikijua nitarudi nyumbani nijenge, halafu mtu ananiambia nitapewa kidogo kidogo kwa faida yangu, kana kwamba mimi ni mlevi. Iliniuma, kaka. Bado inaniuma.

Mgomo wenyewe ulikuwa baridi. Tulifika asubuhi, tukasaini daftari la mahudhurio, tukakaa ofisini bila kugusa chaki. Darasa la saba wakawa wanaimba jedwali wenyewe, wanakosea saba mara nane, nami nimejishika kwenye kiti nisiende kuwasahihisha. Siku ya pili akaja mama mmoja, mjane anayelima alizeti hapa jirani, mtoto wake yuko darasa hilo. Akatusalimu kwa heshima, kisha akauliza, "Walimu, mimi nikizeeka nani atanilipa?" Akajifunga khanga vizuri, akaenda zake shambani.

Sasa sikia upumbavu wetu. Tuliandika barua ya madai, tukakubaliana kusiwe na jina hata moja, wasije wakamwokota mtu mmoja wakamfanya mfano. Saini tu, za kuchorachora. Lakini mtumishi wa serikali ukimpa karatasi asaini, mkono unakwenda wenyewe: akimaliza saini anaandika na cheki namba, ile namba yake ya utumishi. Tumeiandika kwenye kila fomu tangu tuajiriwe. Nikaandika mimi wa kwanza kwa kuwa ndimi mkubwa, na kumi wakafuata. Hakuna aliyeshtuka. Watu kumi na mmoja, na elimu zetu! Wakubwa walitujua wote kabla ya chai ya saa nne.

Wakatuita mmoja mmoja kujieleza. Ofisa aliyetumwa nilimfundisha mwenyewe kusoma, darasa la kwanza. Akainuka, "Shikamoo mwalimu," akanivutia kiti, kisha akanisukumia karatasi. Nikiandika nani alianzisha, kesi yangu inaishia hapo, nastaafu kwa amani. Nisipoandika, nakwenda kamati ya nidhamu, na nikifukuzwa, hata hicho kidogo huenda nisikione.

"Na wewe si kikokotoo hiki hiki kinakusubiri?" nikamwuliza.

"Ni hiki hiki, mwalimu. Lakini nimetumwa."

Nilitamani kumwambia apige magoti nje kama zamani.

Aliyeanzisha ni Neema, mwalimu wetu mdogo kuliko wote, bado ananyonyesha. Walioingia kabla yangu wanasema hawakumtaja. Nataka kuwaamini, ila walikuwa wakitoka bila kunitazama usoni. Nikaivuta karatasi ile. Niliiwaza nyumba, nikamuwaza mama. Kisha nikaandika kwamba nilianzisha mimi.

Usinisifu, kaka. Sikufanya kwa ushujaa, nilifanya kwa hasira, na nilipofika nyumbani nililia. Neema alikuja na jogoo kunishukuru, nikamfukuza yeye na jogoo wake, na hilo nalo sasa linanisumbua. Siku nyingine nafikiri nimefanya vizuri, siku nyingine nafikiri mimi ni mjinga wa kupigiwa mfano. Majibu ya kamati bado.

Kwa hiyo fundi uliyempa neno la nyumba yangu, mwambie asichimbe msingi kwanza. Nisalimie wifi yangu, mwambie kitenge alichoagiza nimekipata. Nisalimie na shangazi Sekela anayekaa na mama, na huyo mwanao anayetaka kusomea ualimu. Mwambie afikiri tena.

Mama asijue lolote. Akikuuliza narudi lini, mwambie ile miezi kumi. Mwambie pia huenda nikawahi.

Mimi mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Tupokigwe