Jezi ya Kipriani

Ruangwa,
Jumatatu asubuhi

Kwako Mama Kipriani,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza maumivu baada ya kazi ya ufuta. Nasikia Baba ameanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mwambie afunge kitambaa puani, maana mwaka jana alikohoa mpaka tukaogopa. Mimi ni mzima, ila miguu inauma kwa uchovu. Kipriani naye yu hai, anakula na anaongea. Nalisema hili mwanzo kabisa ili usome mengine ukiwa umetulia.

Ningeweza kupiga simu. Lakini wewe simu huiweka sauti ya juu, na uani kwako hakukosi watu. Haya ninayotaka kusema ni yako kwanza. Ndiyo maana nimempa mdogo wetu Eva barua hii aje nayo. Hajui kilichomo. Tafadhali isome mwenyewe.

Mlisikia redioni kwamba Kipriani alitolewa kwenye mashindano ya baiskeli asubuhi ya hatua ya mwisho, akiwa ndiye anayeongoza, jezi ya njano iko mwilini mwake. Eva ananiambia huko Nambambo watu wamekasirika. Wengine wanasema amechezewa na watu wabaya, wengine wanasema timu yetu imeuza ushindi. Naomba nikueleze nilivyoona kwa macho yangu.

Hatua ya kuingia Nachingwea, siku moja kabla, ilikuwa na mteremko mrefu wenye kona kali. Tulikuwa tunashuka kwa kasi ya gari, yeye mbele, mimi nyuma yake. Kwenye kona moja tairi lake la mbele lilipita juu ya mchanga. Alirushwa, kichwa kikapiga lami, helmeti ikapasuka. Nilifunga breki nikasimama, lakini kabla sijamfikia alikuwa ameshainuka, anadai baiskeli nyingine kutoka kwenye gari la timu. Akapanda. Tulipomaliza, bado alikuwa anaongoza wote kwa jumla ya muda, na mimi nilikuwa wa pili, nyuma yake kwa sekunde chache. Daktari wa mashindano, dada mmoja anaitwa Raudha, alimuuliza yuko wapi na siku hiyo ni siku gani. Alijibu vizuri, akaruhusiwa.

Jioni hiyo ndipo nilipoanza kuogopa. Tulilala chumba kimoja gesti. Aliniuliza kama mama yangu alikuja kututazama. Nikamwambia alikuja, si alikukumbatia pale kwenye utepe wa kumalizia? Akacheka. Tulipomaliza kula akaniuliza tena, kwa maneno yaleyale na sauti ileile. Asubuhi alikwenda nyuma ya gesti, nikamsikia anatapika. Akaniambia ni samaki wa jana, nami nilikula samaki huyohuyo. Kisha akakaa kitandani akaanza kunisemesha Kimakonde. Mama, unajua mimi ni Mmwera. Tangu tukiwa wadogo hapo kwenu hajawahi kunisemesha Kimakonde ila kwa kunitania. Safari hii hakuwa anatania. Alinikazia macho akingoja nimjibu.

Aliporudi kwenye Kiswahili, nadhani aliuona uso wangu. "Usiseme, Harithi," akaniambia. "Umebaki mlima mmoja tu na mteremko mmoja. Kama wewe ni ndugu yangu, usiseme."

Nikamwambia sawa.

Baada ya chai Daktari Raudha alikuja na viongozi wa mashindano. Alimtaka asimame kwa mguu mmoja huku amefumba macho. Akayumba mpaka akashika ukuta. Akampa maneno machache ayarudie, mengi yakampotea. Pale pale wakamwambia safari yake imeishia hapo. Kipriani alivua jezi, akaitupa sakafuni, akasema hatawasamehe. Mmoja wa viongozi aliiokota, akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa wa pili. Sikuweza kuivaa. Niliondoka Nachingwea na jezi ya kawaida ya timu.

Hatua ile sitaisahau. Njia nzima watu walipiga kelele, "Kipriani yuko wapi?" Mlimani walinikimbilia pembeni wakiniuliza mimi, kana kwamba nimemficha mahali. Tulipofika kileleni, mwendeshaji mmoja wa Eritrea, aliyekuwa wa tatu, alichomoka akaanza kuteremka kama jiwe. Kama angenipita kwa jumla ya muda, ushindi wote ungekuwa wake. Mikono yangu ilishika breki, ikazibana. Nilimwona anazidi kuwa mdogo mbele yangu. Kocha alikuwa anapiga honi nyuma, anaita jina langu dirishani. Sikuachia breki mpaka kona ya pili. Kwa nini nilizishika, utajua mbele kidogo.

Nilimkamata tukiwa tunaingia mjini hapa Ruangwa. Wachimbaji wa dhahabu wa Namungo walikuwa wamejaa barabarani na vuvuzela zao za mpirani. Nilishinda, mama. Walininyanyua juu, na sikusikia raha yoyote.

Kipriani alipigwa picha ya kichwa hospitalini. Hakuna damu iliyovuja. Daktari alisema ubongo umetikisika, anahitaji kupumzika, basi. Tangu hapo Kipriani anarudia neno moja tu, kwamba angeweza kupanda. Na hakuna anayeweza kumwambia hapana kwa uhakika. Labda angefika salama.

Kocha akaanza kutafuta aliyepeleka habari kwa daktari. Akamshika Dickson, mkandaji wetu, kwa kuwa ndiye aliyemkanda Kipriani asubuhi ile. Dickson aliapa hajui kitu. Kocha hakumsikiliza, akamwambia afungashe mizigo yake. Nilimwona Dickson anakunja taulo zake huku machozi yanamtoka.

Mama, hakuwa Dickson. Ni mimi. Nilimwambia Kipriani sawa, nikatoka kama ninayekwenda kuchota maji, nikagonga mlango wa Daktari Raudha.

Na sijamaliza. Nilipokuwa nagonga mlango ule nilikuwa namwogopea, naapa kwa Mungu. Lakini ndani ya woga ule kulikuwa na kitu kingine kidogo, kilichokuwa kinafurahi. Kilikuwa kinajua ni nani atakayeongoza Kipriani akitolewa. Sikukiita, ila kilikuwepo. Ndiyo maana nilishika breki pale mteremkoni. Nilitaka kushindwa, ili siku ukweli ukijulikana asiwepo wa kusema nilimuuza ndugu yangu kwa jezi. Kisha nikawafikiria wenzangu waliojichosha kunikingia upepo mlima mzima, nikaona nataka kuwadanganya na wao. Nikaachia.

Jana jioni nilimweleza kocha, na Dickson amerudishwa. Leo asubuhi nimekwenda hospitalini nikamweleza Kipriani yote, hata ile furaha. Kisha akaniuliza, "Kama ningepanda, ungenishinda?"

Nikamjibu hapana, nisingemshinda. Akageukia ukutani, akaniambia niondoke.

Ataruhusiwa kesho. Daktari amekataza baiskeli mpaka kichwa kiache kabisa kuuma, na wewe unamjua mwanao anavyojua kuficha maumivu. Akikuuliza jambo mara mbili, au ukimwona anakimbia mwanga, mrudishe hospitali hata akinuna.

Nitakuja Nambambo Ijumaa baada ya swala. Kama hutaki kuniona, mtume Eva anisimamishe njiani, nitageuza bila maneno. Utaniuliza kama najuta. Ile furaha najutia. Mlango ningeugonga tena.

Mfikishie Baba shikamoo yangu, na majirani wote wa uani nawasalimu. Mama yangu bado hajui. Naomba uniachie nimwambie mwenyewe.

Ni mimi uliyenilea pamoja na wako,
Harithi