Hesabu ya Matofali ya Baba Mdogo

Ilomba, Mbeya
27 Novemba 2023

Kwa dada yangu Paskalina,

Shikamoo dada. Kamwene hapo Tosamaganga, wewe, shemeji, watoto na mama yetu. Je, miguu ya mama imepungua kuvimba? Sisi huku ni wazima. Mvua zimeanza, na mahindi ya nyuma ya nyumba nimeshayapanda.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nyumba ya baba mdogo Filemoni kule Igowole imekwama, nami nikakujibu kwa mkato kwa sababu nilisikia sauti ya mama karibu yako. Sasa nakueleza yote kwa tarehe, kama yalivyo kwenye daftari langu.

Tarehe 11 Juni nilikwenda Igowole kwenye kipaimara. Baba mdogo akaniita uani mbele ya wageni, akacheka akisema kwamba yule msichana wa madaftari leo atafaa kitu. Alitaka nyumba ya vyumba vinne na sebule, na hakutaka kufyatua matofali kwa kukisia, maana tanuru lake huchomwa mara moja tu, kiangazi. Mvua zikifika, hakuna tofali linalokauka.

Nilipima kuta zote, za nje na za ndani: mita sitini. Kwa kimo cha mita tatu nikapata mita za mraba mia moja na themanini, nikatoa ishirini za milango na madirisha. Kisha nikapanga matofali yake chini, na udongo katikati, kama ukuta uliolala. Mita moja ya mraba ikala hamsini na nane. Nikaongeza moja kwa kila kumi, kwa ajili ya yatakayovunjika na ya pembeni yasiyoiva. Mwishoni nikamwandikia kwenye karatasi: elfu saba na mia sita. Akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Walichoma mwezi wa tisa. Tarehe 4 Novemba ukuta ulifika usawa wa lenta, juu tu ya milango na madirisha, na uwanjani halikubaki tofali. Baba mdogo akanipigia simu akifoka kwamba fundi wake, Yotamu, ni mwizi, anahamisha matofali kidogo kidogo, na kwamba amemfukuza mbele ya majirani. Tangu hapo mvua imekuwa ikinyesha juu ya kuta zisizo na paa. Udongo kati ya matofali unachuruzika, na ukuta wa upande wa barabara umeshalala chini. Mke wake anasema mzee analia kama mtoto.

Sikumhurumia. Nilifungua daftari la zamani, tarehe 14 Agosti 2011. Wewe ulikuwa umeshaolewa, hukuona. Matanga ya baba yalikuwa hayajaanuliwa, Filemoni akaja na trekta kwenye tanuru ambalo baba alimchomea mama kwa ajili ya nyumba. Nilisimama kando nikihesabu kila mzigo: matofali elfu mbili na mia sita. Mama alimsihi ayaache. Akamjibu kwamba mjane hana wageni wa kujengewa sebule. Kisha akaniona mimi na kalamu yangu, akasema, “Andika, binti, andika. Karatasi haijengi nyumba.” Matofali yale aliyajengea banda la nguruwe. Mama akalala jikoni miaka mitano, mpaka ulipokuja kumchukua.

Sasa dada, nakuungamia. Hesabu ya kweli ya nyumba yake ilikuwa elfu kumi na mia mbili. Niliijua palepale. Nikatoa elfu mbili na mia sita, wala si moja zaidi. Nilifurahi nikiandika, na kila mvua inapogonga bati langu hapa Ilomba, nafurahi tena.

Ni Yotamu tu anayeninyima raha. Yeye hakumchukulia mama kitu. Kwa hiyo Jumamosi nakwenda Igowole. Nitawaita majirani walewale, nitaweka madaftari yote mawili mezani, na kutamka kwamba fundi hakuiba, aliyepunguza ni mimi. Baba mdogo akiuliza matofali yake yaliyobaki yako wapi, nitamwonyesha banda la nguruwe. Abomoe kwa mikono yake. Namba itamtosha.

Mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe nikirudi. Mkande miguu kwa maji ya moto kwa niaba yangu, na shemeji mpe salamu zangu nyingi.

Mdogo wako anayekupenda,
Eveline